Cherehani ya miguu ndani ya nyumba inayokarabatiwa, Likoni: maoni yangu kamili

Kama wakarabati nyumba na huku hutaki kuacha kushona, nunua cherehani ya miguu. Ile nyeusi ya chuma, meza ya mbao juu, kanyagio chini, ile mafundi wa nguo wanayo pale barazani toka sisi wadogo. Mwenye haraka aweza kuishia hapo. Mwenye nafasi akae nimpe habari yote, manake hii nimeinunua mwaka jana kwa pesa yangu, hakuna mtu kanilipa nimsifie, na nimeitumia mahali pabaya kuliko duka lolote la fundi.

Sisi tuko Shika Adabu, Mombasa, ng'ambo ya Likoni ya kuvuka feri, tuna kishamba cha ekari moja hivi: minazi, mihogo, mbuzi wachache, na kuku ambao wanaamini nyumba ni yao. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mavyaa, ya udongo na boriti na paa la makuti, na tunaigeuza pole pole, chumba kimoja pesa ikipatikana, kingine kinangoja. Mimi nashona. Mapazia, magauni ya watoto, na zaidi kwilti, yaani shuka za tabaka zilizoshonwa pamoja, za viraka vya leso (kanga), zingine nauza, zingine zinaenda kwa harusi za watu. Sasa hizi kazi mbili hazipendani hata kidogo. Chumba kikivunjwa vumbi laingia kila mahali, kitambaa cheupe chageuka rangi ya udongo, meza ya kukatia yageuzwa meza ya misumari, na kila mia ya uzi bwanangu aiangalia akiona robo ya mfuko wa simiti.

Kabla ya hii nilikuwa na cherehani ya umeme, ndogo, ya plastiki, nyepesi, mishono chungu nzima. Kampuni nalihifadhi jina. Kwenye fleti ingekuwa sawa, sina ugomvi. Lakini siku tulianza kukwangua ukuta wa chokaa, lile vumbi jembamba lilipenya kwa kila tundu, ikaanza kunguruma, halafu ikawa yashona yaacha, yashona yaacha, na fundi niliyempelekea akaifungua, akatazama zile waya, akaifunga. "Mama hii ni ya kompyuta, mimi sigusi." Afu stima nayo huku kwetu yapotea saa ile mtu amebakisha pindo moja tu. Sasa hii ya miguu haina siri yoyote. Kichwa chake kimeshikwa na bawaba mbili kwa nyuma, wakiinua, wakilaza, tumbo lote liko wazi mbele yako. Vumbi lote waliona kwa macho. Brashi ya rangi ile ndogo, kitambaa, mafuta matone mawili matatu kwa kila tundu, imekwisha.

Yangu ni ya Kichina, ya mkono wa pili, niliipata duka moja kule Mwembe Tayari, town, kwa 11,000 baada ya kubishana sana na mzee mmoja mpole ambaye mwisho alinitilia na mkebe wa bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, bure. Muundo wake ni ule wa Singer 15. Singer wenyewe walianza Marekani 1851, na huo muundo wa 15 viwanda vya Japani na China viliuiga sana karne iliyopita, kwa hivyo bobini, kikopo cha bobini, mguu wa kubania kitambaa, sindano, vyote vyapatikana town bila kuandikisha oda wala kungoja mzigo kutoka ng'ambo. Hilo peke yake kwangu ni nyota moja nzima.

Kuivusha feri sasa. Kichwa peke yake ni zaidi ya kilo kumi, na ile miguu ya chuma ni mzigo mwingine kabisa, kwa hivyo waifungua kichwa wakibeba kando, miguu yaenda na mkokoteni. Mpita kwa miguu feri halipi, lakini hamali atalipwa na atalipwa vizuri, msijidanganye. Mle ndani watu wote waliniuliza bei.

Haya, ushonaji. Mshono wake ni mmoja tu, ulionyooka, lakini umenyooka kweli. Kwenye viraka hicho ndicho watafuta, manake kwilti yote yategemea upana wa mshono. Wanaoshona viraka wanatumia robo inchi, yaani milimita sita na kitu, na ukipotea uzi mmoja kila kiraka, ukifika kiraka cha ishirini safu yako ni fupi kuliko ya jirani yake na hapo hata upige pasi vipi hazikutani. Mimi nilichukua ile plasta ya kidonda, ya kitambaa, nikaikunja mara tatu iwe na kimo, nikaibandika juu ya bati la sindano robo inchi kulia kwa sindano. Kitambaa chateleza kwa ukingo wa plasta chenyewe. Na kwa sababu mwendo wauamua wewe kwa nyayo, waweza kushona tone moja, usimame, uangalie, tone lingine. Ile ya umeme nilikuwa nikigusa tu ishatimka.

Jambo moja wageni linawashinda: gurudumu la mkono lazima lizunguke likija upande wako. Likienda kinyume uzi wafungana chini, wakatika, na mtu atasema mashine mbovu. Si mbovu. Anza kwa mkono, ulisukume lije kwako, ndio nyayo zifuate. Siku mbili tatu mwili unazoea na husahau tena.

Leso ninazotumia ni zile za Biashara Street, na mabaki ninayopewa na mafundi, na za zamani za watu wa nyumbani. Leso kukata viraka ina mambo yake, mwenye kujua ajua. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, na kuna jina, yale maneno. Ukikata bila mpango wapoteza vyote vitatu. Mimi nakata pindo lote kwanza, refu refu, naliweka kando liwe fremu ya kwilti, halafu mji naukata vipande vya mraba, na jina nalitoa kama ukanda mzima nisilikate katikati. Kuna moja ilikuwa imeandikwa "Wema hauozi", mtoto wa wifi yangu akanisaidia kukata akaniachia "hauozi" peke yake, nikaishona hivyo hivyo kwenye kifuniko cha mto wa barazani. Wageni wote wakikaa pale wanauliza nini hicho hakiozi.

Mavyaa mwanzo alikuwa hataki kuona. "We mwanangu, leso nzima waikatakata, kwani tumekosa vitambaa?" Nikamwambia mama, hii ishachanika hapa na hapa, nguo ya kuvaa si nguo tena. Akanyamaza. Wiki ile ile akaniletea fungu lake, zingine za harusi yake, akaketi kwa kile kigoda akinielekeza ipi ikae kando ya ipi.

Na zifueni kabla ya kukata. Pamba yasinyaa, na nyekundu na zile za samawati zachuja, sasa ukishona nyekundu kando ya nyeupe halafu ufue, pole. Loweka kila moja peke yake, badili maji mpaka yawe meupe, anika kivulini.

Najua kuna mtu ashaanza kucheka, kwilti Mombasa kwa joto hili? Ndio. Si lazima iwe nzito. Kuna wakati nilijaribu kutia sufi, ile ya mti wa msufi waliyokuwa wakijazia magodoro na mito zamani, mavyaa alikuwa nayo gunia zima. Yapendeza ikiwa mpya lakini yalundana pembeni, na ukiifua ndio basi, lazima ushonee mistari karibu karibu sana kuizuia. Sasa natumia leso juu, shuka kuukuu katikati, leso nyingine chini. Nyepesi, yafulika, na usiku wa Julai upepo wa kusi ukivuma yatosha kabisa. Anayetaka nzito namwekea blanketi ya mtumba ya soko la Kongowea katikati. Hapo kwenye tabaka tatu ndipo hii cherehani imenifurahisha, haikohoi, sindano namba 90 kwa za shuka, namba 100 kwa za blanketi. Tatizo ni nafasi, ule upenyo kati ya sindano na mwili wa mashine ni mdogo, kwa hivyo kwilti ya kitanda kikubwa waiviringa, waibana kwa pini, waanzia katikati kwenda nje, na mtu wa pili akushikie uzito usivute sindano. Mtu wa pili kwangu ni yeyote aliyepita.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikununulia cherehani lakini kimeilipa. Tulimwaga zege la sakafu ya upenu, jua la Februari, lile la kaskazi, mnalijua. Fundi akasema litiliwe maji asubuhi na jioni siku saba. Watu wengi wadhani simiti yakauka kama nguo kwenye kamba, kumbe haikauki, yashikana kwa sababu ya maji, maji yakitoka mapema zege labaki dhaifu na lapasuka nyufa juu. Asubuhi na jioni kwa jua lile haitoshi, mchana wote liko kavu jeupe. Nikawa na magunia ya zamani ya katani, mazito, ya kule stoo. Nikayapasua, nikatia sindano namba 110, uzi wa kushonea viatu ule mwembamba, nikalegeza tenshen ya juu, kile kibano cha uzi, nikayaunganisha yote likawa zulia moja la kufunika upenu mzima. Pale magunia mawili yalipolaliana nilikuwa naacha kanyagio kabisa, nazungusha kwa mkono tu, tone kwa tone, nasikia sindano ikitoboa. Haikuvunjika. Tukalowesha lile zulia, tukatandaza, mpira wa maji juu yake mara kwa mara, unyevu ukabaki mchana kutwa. Fundi alikuja asubuhi akainua pembe moja, akagusa zege kwa kiganja.

"Mama hii umenunua wapi?"

"Nimeshona."

"Nishonee moja niwe naenda nayo site."

Nimemshonea, na akalipa, si kwa kupunguza ufundi wa nyumba bali kwa pesa mkononi, nilisisitiza. Baada ya kushona katani lazima utoe kikopo cha bobini na upige brashi, zile nyuzi zajaa mle chini zakuwa pamba nzima.

Tangu hapo cherehani yenyewe imeingia kazi ya mjengo. Mapazia ya milango ambayo haijapata milango. Vyandarua kwa madirisha wakati tukingojea wavu wa waya. Kivuli cha turubai cha mbuzi. Mfuko wa jinzi wa mtumba wenye mifuko midogo midogo wa misumari na futi na penseli ya fundi, kwa sababu kila siku alikuwa akitafuta penseli na kila siku iko nyuma ya sikio. Bwanangu haangalii tena uzi kwa jicho lile.

Mpangilio wetu ni wa pepo na mvua, na sidhani huku Pwani kuna mwingine ufaao. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, ni kazi ya paa na kuta za nje, kukavu, mimi kushona ni usiku tu na kwa vitu vya nyumba. Mvua za mwaka zikianza Aprili mpaka Juni mjengo wasimama, simiti haifai kuwekwa stoo yenye unyevu, mafundi wengine waenda zao, na hapo ndio nashona kwilti kwa nguvu, barazani, mbali na vumbi. Vitambaa vyote viko kwa ndoo za plastiki zenye vifuniko, zile za rangi zilizooshwa, moja moja na kadi ya rangi juu. Kitambaa kikiachwa wazi kwa nyumba inayokarabatiwa usikitafute tena. Na cherehani ina nguo yake, nimeishonea kanzu ya turubai mpaka chini, kwa sababu kuna fundi mmoja wa plasta aliiwekea mfuko wa simiti juu yake akisema "si ni meza tu". Meza! Sasa naikunja kichwa ndani na kanzu juu na hakuna anayekaribia.

Kasoro, manake ziko. Zigizagi hakuna, kwa hivyo kitambaa kinachochanika ukingoni wakunja mara mbili au wakata kwa mkasi wa meno. Nzito kuhamisha, na nyumba ikikarabatiwa utahamisha tu, leo chumba cha mbele, kesho uani, kwa hivyo uwe na vijana wawili wa karibu na sukari ya chai yao. Mkanda wa ngozi warefuka wakati wa mvua, wateleza, gurudumu lazunguka mashine imesimama. Dawa ni kufungua kile kipini cha chuma, kukata kipande kidogo, kutoboa tundu jipya na kufunga tena, kazi ya robo saa, lakini ya kwanza itakutoa jasho. Watoto nao wapenda kuchezea lile gurudumu la chini, na vidole na mkanda si marafiki, mimi nikimaliza natoa mkanda kabisa. Magoti yatauma mwanzo. Na sakafu ya udongo haifai, mguu mmoja ukizama yatikisika yote, nimeweka vipande vya vigae chini ya kila mguu.

Kutu ndio adui mkubwa wa Likoni. Upepo wa bahari wakula kila chuma, sindano ukiiacha kwenye mashine wiki ya mvua waikuta na madoa, na doa lile litaandika kwenye leso nyeupe. Nazitunza kwa kitambaa chenye mafuta ndani ya mkebe. Mafuta yenyewe ni ya cherehani, yale meupe mepesi. Jirani yangu alinishauri mafuta ya nazi kwa vile tunayo mengi, asante, lakini mafuta ya nazi yaganda kukipoa, asubuhi za Julai yageuka mazito ndani ya vile vyuma, na baadaye yashika vumbi yawa gundi. Ya kupikia ni hivyo hivyo. Kichupa cha mafuta ya cherehani ni bei ndogo na chadumu sana.

Mkitaka kununua ya mkono wa pili, msinunue kwa rangi. Kuna zilizopakwa upya nje zang'aa, na ndani zimechoka. Nendeni na kipande cha leso na kipande cha jinzi. Shona leso tabaka mbili, geuza uangalie chini, uzi usiwe na vitanzi, kisha kunja jinzi mara nne na ushone polepole. Shika ile nguzo ya sindano uitikise, isicheze. Laza kichwa uangalie tumbo, kutu ya juu juu yatoka, ile iliyokula meno ya kusukumia kitambaa haitoki. Meno yawe makali, yapitishe kidole. Halafu ipigepige ile mbao ya meza na uangalie chini kama kuna unga unga mweupe, huo ni dumuzi, na dumuzi akiingia nyumbani kwako na hizo boriti zote, shauri yako. Mimi meza niliyopewa kwanza ilikuwa nayo, mzee akabadilisha bila maneno.

Kitu kimoja nisichofanyia hapa ni vitundu vya vifungo. Waeza kwa mkono, lakini magauni sita ya watoto ya Idi, nani ana muda huo na fundi wa mabati yuko juu ya paa anaita aletewe misumari. Navipeleka kwa fundi wa nguo pale karibu na stendi ya Likoni, ananitobolea kwa mashine yake shilingi chache kila kimoja, na nikirudi napitia dukani nachukua misumari.